Kati ya Pole na Samahani

Kiswahili kina utajiri mmoja ambao hatuusifu vya kutosha: kinatenganisha pole na samahani. Ukijikwaa kwenye ngazi za ploti, jirani atakuambia pole hata kama alikuwa ndani kwake akipika. Ukifiwa, watu mia watakuja kukuambia pole, na hakuna hata mmoja utakayemshuku kwamba amekiri kuua. Pole haina mwenyewe. Samahani inaye. Makanga akikukanyaga kidole, pole ni ya abiria aliyeketi kando yako. Samahani ni ya makanga, maana kiatu ni chake. Kama ataisema, hiyo ni stori nyingine.

Kiingereza hubeba mambo haya mawili kwa neno moja, sorry, kwa hivyo mtu akitaka kukufariji huenda akajiuliza kwanza kama atasikika anakiri kosa. Sisi hatuna shida hiyo. Au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoanza kumfikiria mtu wa tatu: yule ambaye mkono wake ndio uliokuumiza, lakini huenda hakukosea. Alifanya kazi yake kama wenzake wanavyoifanya, na mambo yakaenda mrama. Huyo anadaiwa nini? Pole yake ni nyepesi mno, kwa sababu yeye si abiria wa kando. Samahani huenda ikawa nzito mno, kwa sababu hakuna kosa lililothibitishwa. Hapo katikati kuna pengo, na watu wengi wakifika kwenye pengo hilo huchagua kunyamaza.

Mimi pengo hilo nalijua kwa sababu linakaa kwenye bega langu la kulia.

*

Nitaeleza haraka. Nikiwa na miaka 20, mwaka wa pili chuoni, nilitokwa na uvimbe shingoni, upande wa kulia, nyuma kidogo ya ule msuli mrefu unaojitokeza ukigeuza kichwa. Haukuuma. Walitaja maneno mawili, TB na saratani, wakasema njia ya kujua ni kuitoa tezi yenyewe na kuipeleka maabara. Upasuaji mdogo, walisema, na ulikuwa mdogo kweli: chini ya saa moja, nyuzi tano, jioni hiyo hiyo niko nyumbani Kayole. Majibu yakaja: TB ya tezi. Nikapewa dawa za miezi 6, zile ambazo hospitali za umma hutoa bila malipo, nikazimaliza, nikapona.

Sasa bega. Wiki ya kwanza nilidhani ni kidonda tu. Wiki ya tatu nilijaribu kuanika shuka nikakuta mkono wa kulia unafika usawa wa bega na kukataa kuendelea. Haukuwa umekufa ganzi. Vidole vilifanya kazi, niliandika, nilikula. Ulikataa tu kupanda. Na bega lenyewe likaanza kushuka, kidogo kidogo, hadi mkoba ukawa unateleza kila nikiuvaa upande ule. Kwenye matatu siwezi kushika chuma cha juu kwa mkono huo. Nywele zangu za kisogoni siwezi kuzifumua mwenyewe. Usiku kuna maumivu mazito yanayovuta kutoka shingoni hadi katikati ya mgongo, kama mtu ameninginiza mtungi wa lita 20 kwenye ngozi yangu akaenda zake.

Nilirudi kliniki ile mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa ni kidonda kinapona. Mara ya pili, ati ninalala vibaya. Mara ya tatu nilipewa dawa za maumivu na ushauri kwamba nipunguze mawazo. Ilipita miezi 11 kabla fizio mmoja, katika kituo kingine kabisa, aniambie nivue blauzi, nigeukie ukuta, niinue mikono yote miwili. Akasimama nyuma yangu. Akanyamaza. Kisha akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe ili nione: bega moja liko chini ya jingine, na ule mfupa mpana wa nyuma ya bega umetokeza nje upande wa kulia kama bawa. Miezi 11, na hakuna mtu aliyekuwa amenitazama kutoka nyuma.

Nilirudi kwa daktari aliyenipasua nikiwa na picha ile. Aliitazama kwa muda. Akasema, "Hiyo hutokea. Ungekuja mapema."

Nimeyabeba maneno hayo manne miaka mitano sasa. Yale mawili ya mwisho hayana haja ya mjadala. Kadi yangu ya kliniki ina mihuri mitatu. Ni "hutokea" inayonisumbua. Tazama lile hu. Vitenzi vyetu karibu vyote hubeba mtu: nilikata, ulikata, alikata. Lakini kiambishi hu hakina nafsi. Mvua hunyesha, jua huchwa, neva hukatika. Nani? Hakuna.

*

Kilichoumia kinajulikana vizuri. Kuna jozi 12 za neva zinazohesabiwa kama neva za fuvu, na ya 11 hushuka shingoni kuamrisha misuli miwili. Mmoja ni ule mrefu wa kugeuza kichwa. Wa pili ni msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukatanda hadi begani na kushuka hadi katikati ya mgongo. Huu wa pili ndio unaoshikilia bega lisidondoke, na ndio unaosaidia kuuzungusha mfupa wa bega ili mkono upite usawa wake na kwenda juu. Neva ikikatwa, ikivutwa kupita kiasi au ikichomwa na kifaa cha kuzuia damu, msuli unakosa amri. Unanyauka.

Shida ya neva hii ni mahali inapoishi. Ikifika upande wa shingo huwa karibu sana na ngozi, imefunikwa na tabaka jembamba tu, na hapo hapo ndipo tezi zimejipanga. Ndiyo maana vitabu vya upasuaji huitaja hatari hii waziwazi: kutoa tezi upande wa shingo, ule upasuaji "mdogo", ndiyo njia inayojulikana zaidi ambayo neva hii huumia mikononi mwa madaktari. Si siri, na si ajabu ya karne.

Ina historia pia, na historia yenyewe ina funzo. Mwaka 1906 George Crile, daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, alichapisha njia yake ya kuondoa tezi za shingo kwa wagonjwa wa saratani. Iliokoa watu waliokuwa wakifa. Katika sura iliyokuja kuwa ya kawaida, upasuaji huo uliondoa tezi, msuli, mshipa mkubwa wa damu, na neva ya 11 pia. Katikati ya karne, Hayes Martin wa New York, aliyekuwa sauti kubwa katika kazi hiyo, alifundisha kwamba neva isiachwe. Wagonjwa walipona wakiwa na bega lililodondoka. Mwaka 1961 Nahum na wenzake huko Marekani wakayapa malalamiko hayo jina na kuyaeleza kama tatizo la kitabibu. Mwaka 1963, Oswaldo Suárez wa Argentina akaeleza njia ya kutoa tezi huku neva ikibaki salama. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wengi njia ya kuhifadhi ilidhibiti saratani vizuri tu.

Fikiria hiyo nusu karne. Watu waliambiwa, au walijiambia, kwamba bega ni bei ya uhai. Kwa baadhi yao ilikuwa kweli, kwa sababu saratani ilikuwa imeishika neva yenyewe. Kwa wengine bei ilikuwa desturi. Na hii haimaanishi kwamba Crile alikuwa mtu mbaya. Inamaanisha tu kwamba kama kila mtu angeridhika na jibu la "shukuru uko hai", hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine.

*

Hapa mama yangu hakubaliani nami, na mama si mtu wa kupuuzwa. Yeye ndiye aliyechangisha pesa za upasuaji kwenye kikundi cha kanisa. Yeye ndiye aliyemuuguza mama mdogo, dada yake, hadi saratani ya matiti ikamchukua. "Mwanangu," huniambia, "walikuwa wanasema saratani. Ikawa TB. Umepona. Mungu atatuonaje tukianza kumletea hesabu ya bega?"

Siwezi kuicheka shukrani ya mama. Si ya mtu asiyejua haki zake. Ni ya mtu aliyekaa kwenye benchi la wodi akaona mlango upande wa pili ukifunguka na kumchukua ndugu yake. Nami nikiwa mkweli, nashukuru pia. Wiki mbili za kungoja majibu nililala kidogo sana, na siku niliyosikia ni TB nililia kwa furaha, jambo ambalo sikuwahi kufikiria mtu anaweza kufanya kwa ajili ya TB.

Lakini shukrani na dai ni vitu viwili, na haviishi katika nyumba moja. Sema boda amekukimbiza hospitali saa nane usiku, akapita mashimo yote, akakuokoa. Utamshukuru maisha yako yote. Sasa sema kwamba njiani simu yako ilianguka, yeye akaisikia ikigonga lami, akajua ni kwenye steji gani, akanyamaza. Ungeipata kama angesema asubuhi ile. Unapomuuliza mwezi mmoja baadaye anakujibu: si uko hai? Jibu lake ni kweli kabisa, na halijibu ulichouliza.

Kuna jibu jingine linalopendwa sana: wapo walio na hali mbaya kuliko yako. Bila shaka wapo. Lakini ngazi hiyo haina chini. Mwenye bega bovu anyamazie mbele ya asiye na mkono, asiye na mkono mbele ya aliyepooza, aliyepooza mbele ya marehemu, na marehemu hasemi. Kwa hesabu hiyo hakuna jambo hata moja lingewahi kurekebishwa popote.

Na kuna kitu kingine ambacho nimekiona nikiketi kwenye foleni mbili tofauti, ile ya benchi na ile ya viti vya ngozi, kwa kuwa nilifika hiyo ya pili siku moja kwa hisani ya rafiki mwenye bima. Kwenye viti vya ngozi, mtu akitoka alipewa kadi ya kueleza huduma ilikuwaje. Kwenye benchi, mtu akitoka aliambiwa mshukuru Mungu. Sidhani Mungu ndiye aliyegawa foleni hivyo. Shukrani ikigeuka kuwa ada wanayotozwa wasioweza kulipa kitu kingine, si ibada tena.

*

Muhula wangu wa mwisho chuoni, kabla karo haijanishinda (bega nalo lilichangia, lakini hiyo si hoja ya leo), tulisoma insha ya Bernard Williams ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili. Ana mfano ambao darasa zima liliukumbuka: dereva wa lori anayemgonga mtoto na kumuua, bila kosa lolote la dereva. Williams anasema watu watamwambia dereva kwamba si kosa lake, na watakuwa sawa kumwambia hivyo. Lakini dereva akikubali haraka mno, akasema kweli si kosa langu, akawasha redio akaendelea na safari, tutamtilia shaka. Kuna majuto ambayo ni yake peke yake. Shahidi aliyesimama kando ya barabara hawezi kuwa nayo hata akilia kumshinda.

Wengine darasani waliona huo ni utata wa wanafalsafa. Kwangu ulikuwa kitu ambacho mtaa ulikuwa umekijua siku nyingi. Dereva wa namna hiyo, tukisikia amekuja matangani na mfuko wa unga na sukari, akaketi nyuma bila kusema mengi, tunaelewa amefanya nini. Hakuja kukiri. Hakuja kutoa pole kama sisi wengine pia. Amekuja kwa sababu lori lilikuwa mikononi mwake. Sheria ya Kiislamu nayo ina diya kwa aliyeua bila kukusudia. Inajua tofauti ya ajali na mauaji ya makusudi, na bado haimruhusu mtu wa ajali kupita tu kama mpita njia.

Kwa hivyo pengo kati ya pole na samahani si tupu kama nilivyodhani. Kuna kitendo cha kulijaza: kuja. Kusimama mbele ya uliyemuumiza na kutumia kitenzi chenye nafsi.

*

Watu huniuliza mbona sikushtaki. Swali zuri. Kesi ya namna hii lazima ithibitishe uzembe, yaani kwamba daktari alifanya chini ya kiwango kinachotarajiwa. Ripoti yangu ya upasuaji ina mistari minne. Neva haitajwi popote, si kwamba ilionekana, si kwamba ilitafutwa. Na neva hii inaweza kuumia hata kwa mkono wenye uangalifu. Lakini zaidi ya hapo, mahakama ni mahali pa samahani. Inauliza nani amekosa na alipe kiasi gani. Kama jibu ni kwamba hakuna aliyekosa, faili linafungwa na nyote mnarudi nyumbani, wewe na bega lako. Ninachodai mimi kipo hata kama hakuna aliyekosa.

Ninadai vitu viwili. Kuambiwa kabla, na kuambiwa baada.

Kuambiwa kabla. Fomu niliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa moja na nusu, nikaletewa nikiwa tayari nimevaa ile kanzu ya kufungia mgongoni. Ilitaja kutokwa na damu, maambukizi, kovu. Haikutaja bega. Na hapa kuna swali gumu ambalo lazima nilijibu: kama ningeambiwa, ningekataa? Hapana. Nilitaka kujua kama nina saratani. Ningekubali hata kama wangenichorea neva yenyewe ukutani. Basi mtu anaweza kusema: kama usingebadilisha uamuzi, umepoteza nini kwa kutoambiwa?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inadhani habari ina kazi moja tu, kumsaidia mtu kukubali au kukataa. Habari ina kazi ya pili: kutambua. Kama ningeambiwa sentensi moja, "ukiona mkono haupandi, rudi upesi, taja neva", basi wiki ya tatu, chini ya ile kamba ya nguo, ningejua ninachotazama. Nisingekubali stori ya kulala vibaya. Ningekuwa na jina la kitu, na mtu mwenye jina la kitu huwa mgumu kumtuma nyumbani na dawa za maumivu.

Uingereza ilipigana na jambo hili hadi mahakama yake ya juu kabisa. Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari, alijifungua huko Uskoti mwaka 1999. Mama mwenye kisukari ana hatari ya asilimia 9 hadi 10 kwamba mabega ya mtoto yatakwama wakati wa kuzaliwa. Daktari wake hakumwambia hatari hiyo. Alieleza mahakamani kwamba angewaambia kina mama wa namna hiyo, wengi wangetaka kupasuliwa, na yeye hakuona kwamba hilo lina manufaa kwao. Mabega yakakwama. Mtoto akazaliwa na ulemavu uliotokana na ubongo kukosa hewa, na mkono ulioumia neva. Mwaka 2015 mahakama ikaamua kwamba kipimo cha kile kinachopaswa kusemwa si desturi ya madaktari. Ni kile ambacho mtu aliye katika nafasi ya mgonjwa huyo angekiona kuwa muhimu.

Sisi hatukuhitaji kusubiri mahakama ya wengine. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za uchunguzi na matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Tena inapowezekana kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Ni sheria nzuri. Ukiisoma kwenye benchi la hospitali inasikika kama inazungumzia nchi ya jirani.

Kuambiwa baada. Hapa ndipo kiini cha yote, na ni kwa sababu ya tabia ya neva zenyewe. Neva iliyokatwa inaweza kuunganishwa au kupandikizwa kipande, kisha ikaota tena polepole, karibu millimita 1 kwa siku. Lakini msuli unaongoja haungoji milele. Miezi ya mwanzo nafasi ni nzuri. Kadiri mwaka unavyopita, msuli unazidi kunyauka, na hata neva ikifika itakuta nyumba haina mtu. Nilipofanyiwa kile kipimo cha umeme wa misuli na kuthibitishiwa, mlango huo ulikuwa umeshafungwa kwangu. Kilichobaki ni mazoezi, na upasuaji mkubwa wa kuhamisha misuli mingine ifanye kazi ya uliokufa, kwa bei ambayo kikundi cha kanisa hakiwezi kuichangisha mara ya pili.

Kwa hivyo niliumizwa mara mbili. Mara ya kwanza ilichukua dakika chache, nikiwa nimelala, na huenda haikuwa kosa la mtu. Mara ya pili ilichukua miezi 11, nikiwa macho, nikiuliza. Ya kwanza naweza kuiita bahati mbaya. Ya pili siwezi, kwa sababu ilikuwa na mtu ndani yake kila wakati. Kila kliniki, kulikuwa na mtu aliyeweza kusema nigeuke. Ajali inaweza kukosa mwenyewe. Kimya hakikosi.

*

Kuna upande wa pili, na nimejaribu kuusikiliza. Daktari katika hospitali zetu anaona foleni ambayo haimalizi. Mgomo wa mwaka 2017 ulifika siku 100, na katika madai yao yalikuwemo mazingira ya kazi ambayo yeyote aliyelazwa ameyaona. Mtu aliyefanya upasuaji sita tangu asubuhi hana muda wa kuchora neva ukutani. Na anaogopa. Anajua kwamba akisema "neva yako imeumia mikononi mwangu", sentensi hiyo inaweza kurudi kwake ikiwa kwenye karatasi ya wakili. Mfumo unaomwadhibu anayesema na kumwacha anayenyamaza utazaa wanaonyamaza. Hilo si tabia mbaya ya mtu mmoja, na sitaki kumfanya daktari yule kuwa shetani wa insha yangu.

Lakini angalia nani analipia hofu hiyo. Daktari anaogopa kesi ambayo huenda isije. Ili asiibebe hofu hiyo, mimi nimebeba bega ambalo tayari lipo. Hatari imehamishwa kutoka kwa mwenye mwavuli hadi kwa asiye nao, na hakuna aliyetia sahihi hiyo fomu. Kama sheria inamfanya mkweli aonekane mjinga, basi sheria hiyo ibadilishwe. Madaktari wenyewe wana sababu ya kuwa wa kwanza kuidai. Muda kabla haijabadilika, bado kuna dakika mbili za kumwambia mtu ageukie ukuta.

Na sentensi yenyewe si ndefu. Nimeiandika mara nyingi kichwani, usiku bega likikataa nilale, nikitafuta kitu kisichokuwa pole tu na kisichokuwa samahani: "Neva yako imeumia. Ilikuwa mikononi mwangu. Nilijaribu kuwa makini na bado imeumia. Tuna miezi michache, na hivi ndivyo tutakavyoitumia." Hakuna uzembe uliokiriwa hapo. Hakuna pesa iliyoahidiwa. Kuna nafsi ya kwanza, na kuna kesho. Mtu aliyeniambia hivyo ningemshukuru kwa moyo mmoja, jinsi mama anavyotaka nishukuru.

Mama na mimi hatujamaliza mabishano haya. Wiki iliyopita alinikuta nikifanya mazoezi ya fizio, mgongo kwa mlango, nikipandisha mkono ukutani kwa vidole kama mjusi. Alisimama akaangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakutaja Mungu wala saratani. Aliuliza, "Kumbe huko nyuma ndiko kulivyo hivyo?" Tumeishi nyumba moja miaka yote hii, na yeye pia hakuwa ameona.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyetolewa tezi shingoni na sasa analalamika bega, msimpe pole kwanza. Mwambie avue shati, ageukie ukuta, ainue mikono yote miwili. Kisha msimame nyuma yake mtazame. Mkiona bega moja limeshuka au mfupa umetokeza, mpelekeni wiki hiyo hiyo, na mkifika litajeni neno neva kabla hamjaketi.